Riwaya fupi za Kifaransa kwa Kiswahili: vitabu gani vipo, na mwanafunzi wa Fizi na Baraka azisome namna gani

Huko Baraka na Fizi, mwanafunzi wa humanité hukutana na riwaya ya Kifaransa ndani ya kaye kabla hajaiona ndani ya kitabu. Mwalimu anasimama mbele ya ubao na kusoma rezime: mwandishi ni nani, alizaliwa mwaka gani, wahusika ni akina nani, mada ni gani, funzo ni lipi. Wanafunzi wanaandika. Mwisho wa mwaka utakuta vijana wanaokuambia bila kusita kwamba Toundi ni mhusika mkuu wa Une vie de boy, kwamba kitabu kilitoka mwaka 1956, kwamba mada yake ni ukoloni. Lakini maneno ya Toundi mwenyewe hawajasoma hata ukurasa mmoja. Haishangazi. Kitabu ni kimoja kwa darasa zima, na mara nyingine hata hicho kimoja kilibaki nyumbani siku watu walipokimbia.

Jambo hilo lina bei yake. Mtihani wa serikali, ule kila mtu anaita Exetat, upo tangu 1967, na kabla ya maswali ya kuchagua majibu kuna sehemu ya kwanza: disertasio ya kuandika kwa Kifaransa, na Kifaransa cha kusema kwa mdomo. Hapo rezime ya kaye haifiki mbali. Mtoto akiulizwa kwa nini Toundi hakukimbia mapema, wakati mpishi na wengine walikuwa wanamwonya, maneno yanamkatikia mdomoni. Kifaransa chake kinaweza kuwa kizuri. Tatizo ni kwamba hajawahi kukaa na Toundi.

Njia moja ya kukaa naye ni Kiswahili. Watu wengi hawajui kwamba baadhi ya riwaya hizo zimekwisha kufasiriwa, tena zamani.

Vitabu vyenyewe

Ni vichache. Une vie de boy ya Ferdinand Oyono, mwandishi wa Kameruni, ilitoka kwa Kiswahili Nairobi katika miaka ya 1970 kwa jina la Boi. Une si longue lettre ya Mariama Bâ wa Senegali, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979, kwa Kiswahili inaitwa Barua Ndefu Kama Hii. Le Petit Prince ya Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry, ya mwaka 1943, imekuwa Mwana Mdogo wa Mfalme. Waliofasiri ni Philipp Kruse na Walter Bgoya, na waliochapa ni Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Le Mandat ya Sembène Ousmane, naye wa Senegali, ilipita njia nyingine: Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliigeuza kuwa mchezo wa kuigiza, Hawala ya Fedha, uliochapwa mwaka 1980. Molière naye yupo kwa Kiswahili, lakini hizo ni tamthilia zake, zina habari yao.

Vitabu hivi vyote vilichapwa ng'ambo ya ziwa, Tanzania na Kenya. Hakuna hata kimoja kilichotoka Kinshasa au Bukavu. Kwa mtu wa Baraka, mlango wa karibu wa kuvitafuta ni Kigoma, kwa wale wanaovuka kwa biashara, na kutoka Kigoma kuagiza Dar es Salaam. Boi ni cha zamani na kukipata si rahisi; Mwana Mdogo wa Mfalme ni cha karibuni zaidi. Anayekipata kimoja aangalie kwanza ukurasa wa mbele, pale panapoandikwa kitabu kilifasiriwa kutoka lugha gani. Afrika Mashariki ilisoma Kiingereza, na vitabu vya Kifaransa mara nyingi vilipitia huko kabla ya kufika kwa Kiswahili. Tafsiri ya namna hiyo inafaa kwa kufuata hadithi. Kwa kulinganisha neno kwa neno, inaweza kumchanganya mwanafunzi.

Toundi aliandika kwa lugha gani?

Katika vitabu hivyo, Une vie de boy ndiyo inayojulikana zaidi katika shule za Kongo, na ndiyo inayodhulumiwa zaidi na rezime. Hadithi yake si ndefu. Toundi ni mtoto wa kijijini aliyemkimbia baba yake usiku wa kuamkia jando, kitu ambacho wazee wa Fizi hawahitaji kuelezwa uzito wake. Anakwenda kwa Padri Gilbert, mzungu aliyekuwa akiwatupia watoto vipande vya sukari. Padri anamfundisha kusoma na kuandika, na kwa kumwiga padri, Toundi anaanza kuandika mambo ya kila siku katika kaye. Padri anakufa katika ajali ya pikipiki. Toundi anapelekwa kuwa boyi wa Komanda wa mji wa Dangan.

Ndani ya nyumba ya Komanda anaona yote. Anaona madamu anavyopokea mkubwa wa gereza wakati bwana yuko safarini. Anasikia wazungu wanayosema mezani kuhusu weusi, wakidhani aliyebeba sahani hana masikio. Siku Komanda anapogundua kwamba boyi alijua kabla yake, Toundi amekwisha. Inatafutwa sababu, wizi ambao hakuufanya, anakamatwa na kupigwa. Anatoroka hospitali na kukimbilia Guinea ya Wahispania, ambayo leo ni Guinea ya Ikweta, na huko ndiko anafia. Kitabu kinaanza na kifo hicho, kwa hiyo msomaji anajua mwisho tangu kurasa za kwanza. Anachosubiri ni kujua namna.

Kuna kitu kidogo pale mwanzoni ambacho rezime nyingi zinaruka. Yule anayesimulia anasema alizikuta kaye mbili za Toundi kwenye mizigo yake, na kwamba zilikuwa zimeandikwa kwa Kiewondo, lugha ya Kameruni. Yeye ndiye aliyezifasiri kwa Kifaransa. Ni hila ya mwandishi, kwa kuwa Oyono aliandika kitabu chake kwa Kifaransa, lakini hila hiyo ina maana. Toundi hakuwaza kwa Kifaransa. Kifaransa tunachosoma darasani, ndani ya hadithi yenyewe, ni tafsiri.

Mwalimu akianza na jambo hilo, hali ya darasa inabadilika. Mtoto wa Lulenge au wa Ngandja aliyeanza maisha kwa Kibembe, akapata Kiswahili njiani na Kifaransa shuleni, anaelewa mara moja Toundi alikuwa wapi. Akisoma Boi kwa Kiswahili, hajaenda mbali na asili. Pengine amemrudisha Toundi karibu na mdomo wake. Na jina la kitabu halihitaji dikisioneri: boyi ni neno la kila siku huko Baraka, na kila mtu anajua kuna nyumba ambamo boyi anakula baada ya wengine na kuna nyumba ambamo anakula pamoja nao.

Lakini kuna kitu Kiswahili kinapoteza, na hapo ndipo Kifaransa kinarudi kazini. Wazungu wa Dangan wanamwambia Toundi tu, hata kama hawamjui. Yeye anajibu kwa vous na kwa jina la heshima. Dharau nzima ya kitabu imekaa kwenye vineno hivyo viwili. Kiswahili kina wewe tu. Mfasiri analazimika kuonyesha dharau kwa njia nyingine: bwana hapa, amri kavu pale. Mwanafunzi achukue ukurasa mmoja wa mazungumzo ya Komanda na Toundi kwa Kifaransa, aweke alama penye kila tu na kila vous, halafu ajaribu kuusema kwa Kiswahili cha nyumbani. Saa moja ya kazi hiyo inamfundisha zaidi juu ya ukoloni kuliko mstari wa kaye unaosema mada ni ukoloni.

Pesa kutoka ng'ambo

Le Mandat ni hadithi ambayo Baraka ingeweza kuiandika. Ibrahima Dieng, mzee wa Dakar asiye na kazi, mwenye wake wawili na watoto wengi, anapata barua kutoka Paris. Mtoto wa ndugu yake, Abdou, anayefagia mitaa huko, amemtumia franga 25 000. Franga 2 000 ni za Dieng, 3 000 ni za mama wa Abdou, 20 000 azitunze mpaka kijana atakaporudi. Kabla Dieng hajafika posta, mtaa wote umekwisha jua. Wake wamekopa mchele. Majirani wanakuja kuomba. Imamu naye anakuja.

Posta wanataka kitambulisho. Hana. Polisi wanataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Kwa meya wanataka tarehe ya kuzaliwa, na mzee tarehe haijui. Mpiga picha anakula pesa na picha haitoki. Mwisho anatokea Mbaye, kijana wa suti na gari, msomi, anamwambia asihangaike, atie sahihi prokirasio, kesho pesa zitakuwa mkononi. Kesho Mbaye anamwambia pesa ziliibwa.

Familia nyingi za Fizi zina mtu ng'ambo. Vita vya 1996 viliwavusha maelfu ziwa, wakaishi Nyarugusu na Lugufu mkoani Kigoma. Lugufu ilifungwa mwaka 2009, Nyarugusu ikabaki, na kutoka huko wengi walipelekwa Marekani, Kanada na Australia. Pesa zinazotoka huko zinajulikana. Inajulikana pia jina la kwenye ujumbe lisipofanana herufi kwa herufi na jina la kwenye karte ya mchaguzi nini kinatokea, na nani anajitokeza mlangoni kusaidia. Mwanafunzi anayesoma Le Mandat kwa mara ya kwanza hahitaji kuambiwa mada. Atamjua Mbaye kabla Dieng hajamjua.

Hapa kuna jambo la kuchekesha. Kwa Kiswahili cha Dar es Salaam kitabu kinaitwa Hawala ya Fedha, na wanafunzi wengi wa Baraka hawajui hawala ni nini. Mandat wanalijua, kwa kuwa watu wazima bado wanalisema. Kitambulisho wanakijua kama karte, cheti cha kuzaliwa kama akte de nesansi, stempu kama tembre. Mara nyingi neno la Kifaransa ndilo linalofungua la Kiswahili, sio kinyume chake. Anayedhani tafsiri ni kijiko cha kumlisha mtoto asiyeweza Kifaransa aangalie hapo: mtoto anatoka na maneno mapya ya lugha mbili kwa mara moja.

Hawala ya Fedha ni mchezo, kwa hiyo hauwezi kuchukua nafasi ya riwaya. Mawazo ya Dieng ndani ya kichwa chake, njaa yake, aibu yake mbele ya karani, hayo yako kwenye Kifaransa. Ila mchezo unachezeka. Darasa lenye kitabu kimoja linaweza kugawa sehemu: huyu posta, huyu polisi, huyu Mbaye. Baadaye mwalimu anasoma kwa sauti kurasa zile zile za Kifaransa, na hata walio nyuma wanafuata, kwa kuwa wameshajua nani anasema nini.

Sembène mwenyewe alifanya safari ya namna hiyo. Alikuwa ameandika kwa Kifaransa, akaona kwamba watu aliowaandika hawawezi kumsoma, na mwaka 1968 akatengeneza filamu ya hadithi ile ile, Mandabi, watu wakisema Kiwolof. Kwa hiyo ubishi wa kama ni halali kuitoa hadithi hii nje ya Kifaransa, mwenyewe aliumaliza zamani.

Mtoto wa mfalme gani?

Le Petit Prince ni kitabu cha namna nyingine. Saint-Exupéry alikuwa rubani, hakuwa na lugha ya Kiafrika chini ya kalamu yake, na hadithi yake inaonekana kama ya watoto: rubani ameanguka jangwani Sahara, anakutana na mtoto aliyetoka kwenye sayari ndogo kama nyumba. Sentensi ni fupi, maneno ni mepesi. Ndiyo sababu walimu wanaipenda kwa wanaoanza. Lakini maneno mepesi ndiyo magumu kufasiri.

Jina lenyewe linaleta maswali. Kwa Kiswahili mtoto anayeona Mwana Mdogo wa Mfalme atauliza: mfalme gani? Katika hadithi baba yake hayupo. Mfalme mmoja yupo, anayeishi peke yake kwenye sayari yake na kutoa amri bila watu wa kuwaamuru, lakini huyo si mzazi wa mtu. Neno prince linasimama peke yake kwa Kifaransa. Kwa Kiswahili linakuja na baba.

Kisha kuna ua. Kwa Kifaransa ua ni la kike, mwandishi anasema elle kila mara, na wasomaji wengi wanaona hapo mapenzi ya mwanaume na mwanamke, pamoja na maringo na ugomvi wake. Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika vitenzi. Anasema ni anasema. Msomaji wa Kiswahili peke yake anaweza kumaliza sura zile bila kuhisi kwamba mtoto huyu alikuwa amependa. Mwalimu akiandika elle ubaoni na kuuliza ni nani, mlango unafunguka.

Neno zito kuliko yote liko kwa mbweha: apprivoiser. Dikisioneri itasema kufuga. Lakini kufuga ni kwa mbuzi na kuku, na anayefugwa hana la kusema. Kuzoesha kuna mkubwa na mdogo. Kuzoeana kuna wawili, kila mmoja akisogea kidogo. Mbweha mwenyewe anaeleza kwamba maana yake ni kufunga uhusiano, na kwamba kunataka subira na kurudi kila siku saa ile ile. Darasa likigombana nusu saa juu ya kufuga, kuzoesha na kuzoeana, limesoma sura ile vizuri kuliko darasa lililoandika kwamba funzo ni urafiki. Hapo hakuna haja ya kuamua nani ameshinda.

Mibuyu nayo ina kisa. Kwa Saint-Exupéry, mbuyu ni magugu mabaya: ukichelewa kuung'oa ukiwa mdogo, utapasua sayari. Kwa Waswahili wa pwani, mbuyu ni mti wa heshima, wengine husema una wenyewe. Msomaji wa huku ana haki ya kushangaa. Tena kuna yule mnajimu Mturuki aliyegundua sayari ya mtoto mwaka 1909, asiaminiwe kwa sababu ya mavazi yake. Mwaka 1920 akarudi na suti ya Kizungu, maneno yale yale, wote wakakubali. Ni mistari michache tu, na watoto wa Baraka huenda wakaicheka kwa sauti kuliko watoto wa Paris.

Barua ya Mariama Bâ inataka wasomaji waliokomaa kidogo. Ramatoulaye, mwalimu, mama wa watoto 12, amefiwa na mume na yumo ndani ya eda, miezi minne na siku kumi. Anamwandikia rafiki yake Aissatou. Mume alikuwa amemwacha upweke na kuoa rafiki wa binti yao. Aissatou naye aliletewa mke mwenza, akaondoka na watoto wake, akasoma, akawa mkalimani huko Marekani. Neno eda, ambalo Kifaransa kinalieleza kwa maneno mengi, Kiswahili kinalo tayari, na Waislamu wa Baraka wanalijua bila maelezo. Kitabu hiki kisisomwe haraka haraka ili kufikia swali la nani alikosea. Wanawake wawili walifanya mambo mawili tofauti mbele ya jambo moja, na Mariama Bâ hakuhukumu yeyote kati yao.

Il vit

Kuna shida moja ya sarufi inayowakwamisha wanafunzi wengi kuliko maneno magumu: passé simple. Ni wakati wa vitabuni. Hakuna anayeusema njiani, hata mwalimu. Mtoto anaona il dut, il sut, il crut, il put, na hajui vimetoka kwenye devoir, savoir, croire na pouvoir. Anaona il vit na kusoma anaishi, kumbe hapo ni aliona. Sentensi inageuka upuuzi, naye anafikiri kosa ni la akili yake.

Kiswahili kinamsaidia hapa kwa namna ambayo vitabu vya sarufi havitaji sana. Kiswahili cha hadithi kina -ka-: akachukua, akafungua, akasoma. Ndiyo kazi ile ile ya il prit, il ouvrit, il lut, jambo likifuata jambo. Na imparfait, ile il lisait, ni alikuwa akisoma. Kwa Kiswahili cha kwetu cha kusema, alikuwaka anasoma. Mtoto wa Baraka anayesema tulikuwaka tunaenda anatumia kila siku tofauti ambayo mwalimu anahangaika kumweleza. Ukurasa mmoja wa Le Mandat wenye vitenzi vyote vimewekwa upande mmoja -ka- na upande mwingine -kuwaka unaweza kumaliza shida ya mwezi mzima.

Kwa watakaofika kwa Camus baadaye, L'Étranger ya 1942 inasimuliwa zaidi kwa passé composé, kwa hiyo vitenzi vyake ni rahisi. Ugumu uko kwenye jina. Étranger kwa Kiswahili ni mgeni, na mgeni kwetu anapewa kiti na maji. Yule wa Camus hakupewa kiti na mtu yeyote.

Kiswahili kipi?

Swali hili linakuja kila mara, na si la kudharau. Tafsiri hizi ziko kwa Kiswahili sanifu cha Tanzania na Kenya. Waliokulia Nyarugusu na Lugufu wanakijua. Ingawa shule za Wakongo kambini zilifuata programu ya Kongo kwa Kifaransa, nje ya darasa Kiswahili cha Kigoma kilikuwa kila mahali. Aliyebaki Fizi miaka yote ana Kiswahili kingine. Darasani Baraka wanakaa benchi moja. Aliyerudi anaweza kueleza fedha, cheti na hawala, na yule aliyebaki anaeleza namna watu wanavyosema kweli. Mwalimu mwenye akili anawaketisha pamoja na kitabu katikati.

Si mara ya kwanza kwa eneo hili kuishi hivyo. Mwezi wa nne 1965, Che Guevara alipovuka kutoka Kigoma na kushuka Kibamba, Fizi, alizungumza na wakubwa wa maasi kwa Kifaransa, na jina alilojifichia lilikuwa Tatu. Kufasiri hapa ni kazi ya kila siku tangu zamani.

Wasiwasi wa walimu

Walimu wengi wa Kifaransa wanaogopa. Wanasema: ukimpa mtoto Kiswahili, hatagusa Kifaransa tena, na Exetat haifanywi kwa Kiswahili. Wasiwasi huo una msingi. Katiba ya 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Watoto wadogo wanaanza kwa lugha ya taifa, lakini diploma inapatikana kwa Kifaransa. Mwanafunzi akisoma Boi peke yake na kufunga kitabu, amepata hadithi na amepoteza mtihani.

Kinachosahauliwa ni kwamba rezime ya kaye nayo inafanya vilevile, tena bila kumpa hadithi. Tofauti inatoka kwenye mpangilio. Hadithi nzima, au sehemu kubwa, isomwe kwanza kwa Kiswahili kwa sauti, bila kuandika chochote, jioni mbili au tatu zinatosha. Baadaye mwalimu achague kurasa tano au sita za Kifaransa, zile ambamo jambo linageuka: usiku wa Toundi kukimbia, Dieng mbele ya dirisha la posta, mbweha. Hizo ndizo ziandikwe kwenye kaye neno kwa neno, kwa nafasi ya mistari miwili, ili maana iandikwe katikati kwa biki ya rangi nyingine. Mwanafunzi anayejua tayari kinachotokea anaacha kutafuta maana ya kila neno. Anaanza kuona namna Kifaransa kinavyosema.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa zaidi. Kitabu cha Kifaransa kifungwe, mwanafunzi achukue aya moja ya Kiswahili na kuirudisha kwa Kifaransa mwenyewe, kisha alinganishe na Oyono au Sembène. Atakosea. Atagundua kwamba aliandika il a dû mahali mwandishi aliandika il dut, kwamba alisahau elle, kwamba alitumia tu mahali pa vous. Makosa hayo anayaona kwa macho yake, na ni yale yale ambayo msahihishaji wa disertasio angemkatia pointi.

Kwa Kifaransa cha mdomo, swali lililo bora ni lile ambalo kaye haina jibu lake. Kwa nini Dieng alimwamini Mbaye? Kwenye lubunga la Wabembe wazee wasingeuliza mada ni gani. Wangeuliza nani alijua nini, na lini, na kwa nini alinyamaza. Maswali ya namna hiyo yaulizwe kwanza kwa Kiswahili mpaka ubishi upate moto, halafu mwalimu aseme: sasa, jambo lile lile, kwa Kifaransa.